Kwa nini dubwana la sinema hupewa hasimu?

Tangu miaka ya 1930, Godzilla, King Kong na wenzao wamebomoa miji mingi katika filamu. Lakini pindi dubwana la pili linapojitokeza kupigana na la kwanza, watazamaji husahau kuuliza la kwanza lilitoka wapi. Makala haya kutoka Brussels yanalifuata swali hilo, na jibu lake linatupeleka hadi kwenye mgodi mmoja wa Katanga.

Mpenzi msikilizaji, kaskazini mwa jiji la Brussels kuna uwanda uitwao Heysel. Hapo ndipo liliposimama jengo la Atomium, mipira tisa mikubwa ya chuma iliyounganishwa kwa mabomba, lenye kimo cha mita 102. Lilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1958, ili kuipamba enzi mpya ya nguvu za atomiki. Katika uwanda huo huo, mwaka 1988, lilifunguliwa jumba la sinema la Kinepolis lenye kumbi 25 chini ya paa moja.

Brussels ni jiji linaloyapenda madubwana. Tangu mwaka 1983 huandaa tamasha la kimataifa la filamu za kutisha na za ajabu, lijulikanalo kwa kifupi kama BIFFF. Watazamaji wake wamepata sifa ya kutokaa kimya: hupiga kelele, huwaonya wahusika na kulishangilia dubwana wanalolipenda kana kwamba wako kwenye uwanja wa mpira.

Na kama ilivyo kwenye mpira, ubishi mkubwa huwa ni mmoja: nani atamshinda nani? Je, Godzilla ana nguvu kuliko King Kong? Ubishi huo ni mtamu, lakini umejengwa juu ya jambo ambalo watunzi wa filamu hizi walilifanya kwa makusudi. Hasimu anapoingia, dubwana la kwanza hubadilika tabia machoni petu. Lililokuwa tishio huwa mlinzi. Na hatia ya waliolizaa huanza kufifia.

Dubwana lisilokuwa na hasimu

Turudi kwenye chanzo. Tarehe 1 Machi mwaka 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, kwenye bahari ya Pasifiki. Majivu yenye mionzi ya nyuklia yaliiangukia mashua ya wavuvi wa Kijapani iliyoitwa Daigo Fukuryu Maru, ikiwa na mabaharia 23. Wote waliugua, na mtumishi wa redio wa mashua hiyo, Aikichi Kuboyama, alifariki dunia mwezi Septemba mwaka huo huo.

Wiki chache baadaye, tarehe 3 Novemba 1954, kampuni ya Toho ya Japani ilitoa filamu ya Godzilla, iliyoongozwa na Ishiro Honda. Mwongozaji huyo alikuwa askari wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, na aliporejea nyumbani kutoka China alipita Hiroshima na kuyaona magofu yake kwa macho yake. Filamu yake inaanza na mashua inayoteketea baharini. Hakuna Mjapani wa wakati ule aliyehitaji kuelezwa maana ya picha hiyo.

Katika filamu hiyo Godzilla hana mpinzani wa jinsi yake. Ni mnyama wa kale mwenye kimo cha mita 50, aliyetolewa kilindini na majaribio ya mabomu, na anaiteketeza Tokyo kwa pumzi ya moto. Mshindani wake pekee ni mwanasayansi, Daktari Serizawa, aliyebuni silaha mbaya kuliko zote. Anaitumia mara moja, kisha anajiua ili siri ya silaha hiyo izikwe pamoja naye. Mwishoni mwanazuoni mzee anaonya kwamba iwapo majaribio ya nyuklia yataendelea, Godzilla mwingine atazuka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hapo mwanzo. Dubwana moja, chanzo kimoja, na lawama inayojulikana inakoelekea.

Hasimu anapoingia ulingoni

Filamu ilipata wateja wengi, na Toho ikataka nyingine. Mwaka 1955 Godzilla alirudi, safari hii akiwa na mpinzani: Anguirus, mnyama wa miguu minne mwenye miiba mgongoni. Walipambana mjini Osaka. Hapo ndipo kanuni mpya ilipozaliwa. Mwaka 1962 King Kong alikodiwa kutoka Marekani na kupambanishwa na Godzilla. Kwa miaka mingi mashabiki waliamini kwamba filamu hiyo ina miisho miwili, Kong akishinda katika nakala ya Marekani na Godzilla akishinda katika ile ya Japani. Habari hiyo si ya kweli. Katika nakala zote mbili anayeonekana akiogelea kurudi kwao ni Kong.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1964, miaka kumi tu baada ya filamu ya kwanza. Kutoka anga za juu alishuka King Ghidorah, joka la dhahabu lenye vichwa vitatu, ambalo lilikuwa limekwisha kuangamiza ustaarabu wa sayari ya Zuhura. Kiwavi Mothra anawasihi Godzilla na ndege Rodan waungane kuiokoa dunia. Wawili hao wanakataa, kwa hoja kwamba wanadamu wamewaonea siku zote. Mothra anakwenda vitani peke yake, anapigwa vibaya, na ndipo wenzake wanapoona haya na kumfuata.

Kisa hicho kinachekesha, lakini kitazame tena. Katika mwaka 1954 wanadamu ndio walioshitakiwa na Godzilla. Katika mwaka 1964 Godzilla anawatetea. Mabomu hayakuwa yamekoma, tena mwaka huo huo China ililipua bomu lake la kwanza la atomiki. Kilichobadilika ni kwamba sasa yupo mwingine wa kuogopwa zaidi.

Namna mahasimu wanavyochorwa

Watunzi wana mbinu za kutuelekeza tumpende nani na tumchukie nani kabla ya ngumi ya kwanza kurushwa. Dubwana letu huwa na uso. Lina macho yanayotazama mbele, linachoka, linashangaa, linaumia. Mara nyingi lina mikono, na mikono hutukumbusha sisi wenyewe. Kwa Godzilla wa zamani jambo hilo lilikuwa la kweli kabisa, kwa maana ndani ya vazi lile zito la mpira alikuwamo mwigizaji Haruo Nakajima.

Hasimu hunyimwa hayo. Ghidorah ana vichwa vitatu na hana mikono, hivyo mtazamaji hajui amtazame uso upi. Mechagodzilla ni chuma kitupu. Viumbe waitwao MUTO, katika filamu ya Marekani ya mwaka 2014, wana miguu kama ya wadudu. Hasimu pia hunyimwa nyumbani. Godzilla ana bahari yake na Kong ana kisiwa chake, lakini hasimu mara nyingi ni mvamizi aliyetoka nje, na kwa hiyo kumwua hakumwachi mtu na majonzi.

Kwa haki ni lazima tuseme kwamba si kila hasimu huja kuficha lawama. Hedorah wa mwaka 1971 alikuja kuitangaza. Alikuwa lundo la matope na sumu, aliyevuta moshi wa viwanda kama mtu avutaye kiko. Wajapani walikuwa wakiishi na habari za Minamata, ambako zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda iliwalemaza na kuwaua watu, na za mji wa Yokkaichi, ambako moshi uliwajaza wakazi pumu. Hedorah hakuhitaji kutoka mbali sana ili kueleweka.

Naye Mechagodzilla anaonyesha jinsi hofu inavyohama. Mwaka 1974 aliundwa na wavamizi kutoka sayari nyingine. Aliporudi katika filamu ya Marekani ya mwaka 2021, aliundwa na kampuni ya kibiashara inayoahidi kuwalinda watu. Chuma ni kile kile, lakini mtuhumiwa amebadilika.

Lawama inayohamishwa

Mpenzi msikilizaji, kuna njia nyingine ya kumsafisha aliyelizaa dubwana, nayo ni kukibadilisha kisa cha kuzaliwa kwake. Filamu ya mwaka 1954 ilipopelekwa Marekani mwaka 1956, iliongezewa mwandishi wa habari wa Kimarekani aliyeigizwa na Raymond Burr, na onyo la mwisho la yule mwanazuoni mzee likaondolewa. Mwaka 1998 Hollywood ilitengeneza Godzilla wake, na safari hii waliomzaa walikuwa Wafaransa, kutokana na majaribio yao ya nyuklia katika visiwa vya Polynesia. Ni kweli kwamba Ufaransa ilifanya majaribio huko. Hata hivyo, bomu la Bikini lilikuwa la Marekani.

Filamu ya mwaka 2014 ilikwenda mbali zaidi. Inadai kwamba milipuko ya Bikini haikuwa majaribio hata kidogo, bali ilikuwa jitihada ya kumwua Godzilla. Kwa maneno mengine, bomu lililomzaa dubwana linageuka kuwa silaha ya kumkinga mwanadamu dhidi yake. Kisha wanaletwa wale MUTO wanaokula mionzi, Godzilla anawaua, na mji unamshangilia kama mwokozi.

Sokwe wa mawazo na sokwe wa milimani

Afrika nayo imo katika hadithi hizi, lakini kwa mlango mmoja tu: mlango wa gorila, ambaye wengi wetu humwita sokwe. Merian Cooper, mmoja wa watengenezaji wa King Kong ya mwaka 1933, alipewa alipokuwa mtoto kitabu cha msafiri Paul Du Chaillu, aliyezunguka misitu ya Gabon katika miaka ya 1850 na kumweleza gorila kuwa mnyama katili wa kutisha. Mawazo hayo hayakumtoka.

Kong wa filamu aliwekwa katika kisiwa cha kubuni kwenye Bahari ya Hindi, na wenyeji wa kisiwa hicho wakaigizwa na Wamarekani weusi. Kwenye studio alikuwa kinyago cha kimo cha sentimita 45 hivi, kilichosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine na fundi Willis O'Brien na wasaidizi wake. Hata hapa hasimu alifanya kazi yake. Kong anapomrarua mjusi mkubwa wa kale ili kumwokoa mwanamke mzungu, mtazamaji huanza kumhurumia. Baadaye, juu ya jengo refu la New York, mahasimu wake ni ndege za kivita, na tayari tuko upande wake.

Mwaka 1949 mafundi wale wale walitoa filamu nyingine, Mighty Joe Young, ambayo gorila wake mkubwa analelewa na msichana wa kizungu huko Tanganyika. Wasikilizaji wetu wa Tanzania watatabasamu, kwa sababu nchi yao ina sokwe wadogo wa Gombe na Mahale, lakini haina gorila hata mmoja wa porini. Joe anapelekwa Marekani kuchezeshwa kwenye klabu ya usiku, analeweshwa na wateja, anapambana na simba na kuvunja kila kitu, kisha inaamriwa auawe. Anasamehewa baada ya kuwaokoa watoto katika nyumba ya yatima inayoungua.

Gorila wa kweli hawako mbali na habari za Brussels. Mwaka 1925 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alianzisha hifadhi iliyopewa jina lake mashariki mwa Congo, kwa ajili ya kuwalinda gorila wa milimani. Leo ni hifadhi ya Virunga. Mnyama huyo hula majani na machipukizi, na anapojipiga kifua mara nyingi anataka kumwonya mwenzake ili wasipigane. Hana mjusi mkubwa wa kupambana naye. Mahasimu wake ni mitego, wakata mkaa na watu wenye bunduki, na askari wengi wa hifadhi wamepoteza maisha wakiwalinda wanyama hao.

Kutoka Shinkolobwe

Kuna mlango mwingine ambao Afrika ilipaswa kuingilia katika hadithi ya madubwana, lakini haujafunguliwa kwenye sinema. Mlango huo uko Brussels.

Karibu na mji wa Likasi, katika Katanga, upo mgodi wa Shinkolobwe. Madini yake ya urani yaligunduliwa mwaka 1915, na yalikuwa na utajiri usio na mfano. Mgodi ulikuwa mali ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, ambayo makao yake yalikuwa hapa Brussels. Mwaka 1940, vita vilipoikumba Ulaya, mkuu wa kampuni hiyo Edgar Sengier aliamuru zaidi ya tani 1,200 za urani zisafirishwe na kuhifadhiwa katika ghala la Staten Island, mjini New York. Mwezi Septemba 1942 jeshi la Marekani liliinunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa kutengeneza bomu la kwanza la atomiki ilitoka Congo, na bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa la urani.

Magofu yale aliyoyaona Ishiro Honda, basi, yalikuwa na mizizi katika ardhi ya Katanga. Waliochimba madini yale walikuwa Wakongo, chini ya utawala wa kikoloni, bila kuambiwa yanakwenda kufanya nini. Hakuna filamu hata moja katika mfululizo wa Godzilla iliyojengwa juu ya habari zao.

Nayo Brussels ilikumbuka kwa namna yake. Katika maonyesho ya mwaka 1958, chini ya Atomium iliyoisifu atomi, paliwekwa sehemu ya Congo, na ndani yake kijiji ambamo mafundi Wakongo walitazamwa na wapita njia wakiwa nyuma ya uzio. Baadhi ya wageni waliwadhihaki. Mwezi Julai, maonyesho yakiwa bado yanaendelea, Wakongo hao walikataa kuendelea kutazamwa na wakaondoka. Mgodi wenyewe uliamriwa kufungwa na serikali ya Congo mwaka 2004, na baada ya amri hiyo, mwaka huo huo, wachimbaji wadogo walifukiwa humo.

Nunda aliyelelewa ikulu

Hapa inafaa tukumbuke kwamba Waswahili wana hadithi yao ya dubwana, na haihitaji hasimu kutoka anga za juu. Ni hadithi ya Sultani Majnuni, iliyosimuliwa Zanzibar na kuchapishwa London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa Edward Steere.

Sultani alikuwa na paka. Paka akala kuku wa watu, nao wakaenda kushitaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Paka akakua, akala mbuzi, akala ng'ombe, akala watu, na jibu la sultani likawa lile lile. Siku alipowala watoto wa sultani mwenyewe, ndipo baba alipokiri kwamba huyo hakuwa tena paka, bali nunda mla watu.

Mwanawe wa mwisho akatoka kwenda kumwinda. Akaua mbwa akamleta nyumbani, akaambiwa siye. Akaua punda milia, kifaru, tembo na wengineo, kila mara akishangilia ushindi, na kila mara akiambiwa kwamba huyo siye nunda. Wanyama wale walikuwa wakubwa na wa kutisha, lakini hawakuwa na kosa. Aliyestahili kutafutwa ni yule aliyelelewa nyumbani kwao.

Mtu anaweza kuutazama mfululizo mzima wa filamu za madubwana kwa jicho la hadithi hiyo. Anguirus, Ghidorah, MUTO na yule sokwe mkatili Skar King wa mwaka 2024 ni mawindo yanayoletwa mlangoni mmoja baada ya mwingine, na sisi watazamaji tunashangilia. Lakini mzee wa hadithi angetuambia: siye huyo.

Kurudi kwenye chanzo

Labda ndiyo maana filamu nzito zaidi katika mfululizo huu huwa hazina hasimu. Shin Godzilla ya mwaka 2016 ilitengenezwa Japani baada ya tsunami na ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima mwaka 2011, na kinachopambana na dubwana humo ni urasimu wa serikali, mikutano isiyokwisha na mihuri isiyopatikana. Godzilla Minus One ya mwaka 2023, iliyoongozwa na Takashi Yamazaki, inawaweka raia na askari wastaafu wa mwaka 1947 mbele ya dubwana lililokuzwa na bomu la Bikini, bila msaada wa mnyama mwingine. Mwezi Machi 2024 ilipata tuzo ya Oscar kwa ufundi wa picha zake, ikiwa filamu ya kwanza ya Godzilla kupata tuzo hiyo.

Hakuna ubaya wa kufurahia mapigano. Tangu zamani watu wamependa kuwatazama wenye nguvu wakikabiliana, iwe kwenye mieleka, kwenye ngano au kwenye sinema. Lakini mtazamaji makini atajiwekea mazoea ya kuuliza maswali mawili kila anapoona dubwana jipya likishuka kutoka mbinguni. La kwanza ni hili: huyu amekuja kutusahaulisha nani? Na la pili: yule wa kwanza, aliyekuwa adui yetu jana na mlinzi wetu leo, alilelewa katika nyumba ya nani?

Kwa upande wa Godzilla, sehemu moja ya jibu imo katika hesabu za kampuni iliyokuwa na ofisi zake katika jiji hili, na sehemu nyingine imo katika shimo lililofungwa huko Katanga. Mpenzi msikilizaji, hapo ndipo tunapofikia tamati ya makala yetu kutoka Brussels.